Kabla ya Kusema "Ni Mafua Tu", Hesabu Pumzi

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili. Kama ilivyo kawaida ya safu hii, tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakubahatika kuyasikia, na wale waliotaka kuyasoma tena.)



Leo sitazungumzia bei ya sukari wala ubovu wa barabara zetu. Mada niliyokuwa nimeiandaa nimeiweka kando. Nataka tuzungumze juu ya pumzi ya mtoto mdogo, kwa sababu siku chache zilizopita mtaani kwetu tumemzika mtoto wa miezi tisa.

Nilikuwa miongoni mwa wanaume waliokaa mkekani nje ya nyumba ile. Mnayajua mazungumzo ya msibani. Kila mtu akifika huuliza kwa sauti ya chini, "Aliumwa nini?" Jibu lililotolewa siku ile, tangu asubuhi mpaka tulipokwenda makaburini, lilikuwa moja: "Mafua tu. Alikuwa na kikohozi kidogo, kisha ikawa ghafla." Aliyeuliza alitikisa kichwa, akasema ni mipango ya Mungu, akavua viatu akakaa.

Mimi sina ugomvi na mipango ya Mungu. Lakini hilo neno "ghafla" lilinikaa rohoni, maana mtoto yule nilimwona. Siku ya Jumatatu nilimwona mgongoni kwa mama yake akikohoa. Siku ya Jumatano nilisikia kwamba hanyonyi vizuri. Alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa. Daktari aliyempokea alisema ni nimonia, ile ambayo wengine tunaiita homa ya mapafu, na kwamba amefikishwa akiwa amechelewa sana. Kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa, ndugu zangu, si ghafla. Ni siku nne. Na katika siku hizo nne wengi wetu tulipita mlangoni pale, mimi nikiwa mmojawapo, tukasema, "Poleni, mafua yamezidi majira haya," tukaenda zetu.

Naomba niseme mapema kwamba sikuja hapa kumlaumu mama yule. Nimekuja kuzungumza juu yetu sote tuliopita pale.

Kwanza tutazame ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika mwaka 2019 pekee nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 walio chini ya umri wa miaka mitano. Kati ya kila watoto saba wa umri huo waliofariki duniani mwaka ule, mmoja alikufa kwa nimonia. Ukigawanya hesabu hiyo kwa siku za mwaka, unapata watoto zaidi ya 2,000 kila siku. Chukua basi kubwa la abiria 60, lile linalokwenda mikoani. Lijaze watoto wachanga. Kisha yapange mabasi ya namna hiyo zaidi ya 30, moja nyuma ya jingine. Hao ndio waliokufa kila siku ya mwaka ule. Basi moja likipinduka Chalinze, magazeti yote huliweka ukurasa wa kwanza. Haya mabasi 30 hayana ukurasa.

Na watoto hao si wa kila mahali. Wengi wao ni wa Afrika kusini ya Sahara na wa Asia ya Kusini. Mtoto wa Ulaya naye hupata nimonia, lakini kufa kwake ni jambo la nadra. Hivyo tusidanganyane kwamba ni maradhi yasiyo na dawa. Dawa ipo, na si ya gharama kubwa. Tembe za amoksilini za kuyeyusha kwenye maji, ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza ziwe dawa ya kwanza, zinagharimu chini ya nusu dola kwa dozi nzima ya mtoto mmoja zikinunuliwa kwa jumla. Ni bei ya soda.

Basi kama dawa ipo na ni rahisi, ni nini kinachoua? Jibu langu ni hili: kinachoua ni kuchelewa. Na kuchelewa kunaanza nyumbani, pale tunapoupa ugonjwa jina dogo.

Nitawasimulia yaliyonipata mimi mwenyewe, nisije nikaonekana mhubiri asiyetenda ayasemayo.

Miaka kadhaa iliyopita binti yangu alikuja kukaa nasi na mwanawe wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mtoto akaanza kukohoa, mwili ukawa wa moto. Mimi, babu, msomi wa magazeti na msemaji wa redioni, nikatoa hukumu: "Mpe dawa ya homa na ya kikohozi. Kesho kutwa isipopungua tutampima malaria." Siku ya pili jioni binti yangu akaniambia, "Baba, mtoto anahema." Nikamjibu bila hata kuinua macho kwenye gazeti, "Homa ndiyo inayomhemesha."

Bahati yetu ni kwamba jirani yetu mmoja, muuguzi aliyekwisha kustaafu, alikuja jioni ile kuchukua ungo wake. Akamwona mtoto. Hakuuliza mengi. Alisema, "Mtulizeni kwanza, asilie." Mtoto alipotulia mapajani kwa mama yake, yule mama alimpandisha fulana mpaka kifuani, akashika saa yake, akanyamaza. Sote tukanyamaza. Alikaa hivyo dakika nzima akitazama tumbo la mtoto likipanda na kushuka.

"Hamsini na nane," akasema. "Mzee, kwa umri wake hata arobaini ilitosha kuwapeleka hospitali. Na tazama hapa." Akatuonyesha chini ya mbavu. Kila mtoto alipovuta pumzi, sehemu ile ya chini ya kifua ilibonyea kuingia ndani badala ya kutoka nje. "Msingoje kesho," akasema.

Tulikodi bajaji usiku ule ule. Kituo cha kwanza tulichofika walimpa dawa ya kwanza lakini hawakuwa na oksijeni, tukapelekwa mbele. Kwa rehema za Mungu mtoto alipona, na leo yuko shule ya msingi na anishinda mbio. Lakini kuna jambo moja linalonitia haya mpaka sasa. Siku zote mbili zile, saa ya mkono nilikuwa nimeivaa.

Sasa naomba tuelewane juu ya kile yule muuguzi alichokuwa akikitazama, maana ukijua sababu ya jambo hulisahau kwa shida.

Mapafu yetu yana vifuko vidogo vidogo mno vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Humo ndimo hewa safi inamoingia katika damu. Nimonia inapoingia, iwe imeletwa na bakteria au na virusi, vifuko hivyo hujaa majimaji na usaha. Mtoto anavuta pumzi lakini hewa haipati mahali pa kupita. Mwili wake hufanya kile ambacho ungefanya wewe ukipewa kijiko badala ya kata ya kuchotea maji: huchota mara nyingi zaidi. Ndiyo maana anahema haraka haraka. Hali ikizidi kuwa mbaya, haraka peke yake haitoshi, basi hutumia nguvu. Na kwa kuwa mbavu za mtoto mchanga bado ni laini, nguvu ile ya kuvuta huubonyeza ukuta wa kifua uingie ndani. Mtoto wa namna hiyo anafanya kazi kama mpiga makasia anayepingana na mkondo. Akichoka, huacha. Na akiacha ndipo sisi tunaposema ilikuwa ghafla.

Kuhesabu pumzi si uganga wala si ubunifu wa jirani yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika milima ya Papua New Guinea, nchi maskini yenye watoto wengi waliokuwa wakifa kwa nimonia, daktari mmoja aitwaye Frank Shann na wenzake walikabiliwa na swali gumu. Mhudumu wa kijijini hana mashine ya picha ya eksirei, hana maabara, na mara nyingi hajui kutumia vema chombo cha kusikilizia kifua. Atamtambuaje mtoto mwenye nimonia kati ya watoto mia wenye mafua? Walichunguza dalili moja moja, na mwaka 1984 walitoa jibu lao. Kwa mtoto anayekohoa, tazama kasi ya pumzi, na tazama kama kifua kinabonyea. Shirika la Afya Duniani likaichukua njia hiyo, na baadaye ikaingizwa katika utaratibu wa kutibu watoto unaotumiwa na zahanati katika nchi nyingi, yetu ikiwa miongoni mwa zile za mwanzo.

Hesabu zenyewe ni tatu tu, na naomba mwenye kalamu aziandike. Mtoto aliye chini ya miezi miwili: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Mtoto wa miezi miwili mpaka kabla ya kutimiza mwaka: 50 au zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka kabla ya kutimiza miaka mitano: 40 au zaidi. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Mhesabu akiwa ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Na uhesabu dakika nzima, usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne, kwa sababu mtoto mdogo huhema kwa kasi, akatulia kidogo, kisha akaendelea. Saa ya mkono yatosha. Simu yako ya mkononi nayo ina saa.

Pengine mtu atasema hayo ni mambo ya Papua New Guinea, mbali huko. Basi njoo Bagamoyo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, wahudumu wa afya wa vijijini katika wilaya ya Bagamoyo walifundishwa kuitambua nimonia ya watoto, kutoa dawa ya kotrimoksazoli waliyokuwa nayo wakati ule, na kuwapeleka hospitali wale waliozidiwa. Wazazi nao walielezwa dalili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1986. Katika muda wa miaka miwili vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano katika vijiji hivyo vilipungua kwa zaidi ya robo. Si kwa hospitali mpya wala kwa mashine kutoka ng'ambo. Ni kwa mtu wa kijiji kile kile, aliyefundishwa kutazama, mwenye dawa mkononi. Majaribio mengine yaliyofanywa baadaye katika nchi mbalimbali yalionyesha vivyo hivyo.

Kwa hiyo elimu hii ni ya kwetu, na ina umri wa miaka 40. Ni aibu kwamba mkazi wa mjini, mwenye hospitali umbali wa nauli moja, bado haijui.

Sasa niseme juu ya mambo matatu yanayotupotezea zile siku nne.

La kwanza ni kimeo. Najua nagusa mahali penye wenyewe, lakini nitasema. Mtoto akikohoa siku mbili tatu, katika nyumba nyingi bibi au shangazi husema, "Huyu ana kimeo, apelekwe akakatwe." Kile kidude kinachoning'inia kooni kila mtu anacho, na hakisababishi kikohozi. Kikohozi kinatoka kifuani. Mtoto anakatwa kwa kisu ambacho kimekwisha kukata wengine, anavuja damu, kidonda kinaweza kuoza, na kwa maumivu anaacha kunyonya. Na hata asipodhurika na kisu, siku mbili zimekwisha kupita watu wakingoja kidonda kipone ndipo kikohozi nacho kipone. Mama yangu alizaa saba, tukabaki watano. Mmoja wa wale wawili alirudishwa kwa mkata kimeo akiwa hai, akazikwa siku ya tatu. Mpaka mama anafariki aliamini kwamba kimeo kilikuwa kimechelewa kukatwa. Wazee wetu walifanya waliyoyajua. Sisi tunaojua zaidi hatuna udhuru huo.

La pili ni duka la dawa. Sisi wa mjini tunajiona tumeendelea, hatuendi kwa mkata kimeo. Lakini tunakwenda dukani kwa muuzaji na kusema, "Nipe dawa ya kikohozi ya mtoto, na hivi vidonge rangi mbili, vinne." Msikilizaji mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini apange foleni hospitali wakati dawa ni ile ile. Jibu ni kwamba tunakosea kwa pande zote mbili. Vikohozi vingi vya watoto vinaletwa na virusi, navyo haviogopi amoksilini hata kidogo. Mtoto anayekohoa lakini pumzi zake ni za kawaida, anacheza na ananyonya, mara nyingi hahitaji dawa hiyo. Anahitaji kunyonya, vitu vya vuguvugu vya kunywa kama amekwisha fikisha umri wa kuvinywa, na kutazamwa. Ukimpa vidonge vinne, umewafundisha vijidudu kuizoea dawa. Na yule mwenye nimonia ya kweli ukimpa hivyo hivyo vinne, humtibu; unajiliwaza wewe huku ugonjwa ukiendelea. Ile saa yako inawatenganisha watoto hawa wawili. Inakuambia nani abaki nyumbani na nani aende hospitali. Kazi ya kuchagua dawa na kipimo chake si yako wala si yangu.

La tatu ni sisi wanaume. Nimekaa katika vibaraza vingi vya hospitali, na nimesikia kina mama wakiulizwa, "Kwa nini umechelewa?" Jibu halitofautiani: "Nilikuwa namngoja baba yake." Alikuwa safarini, au kazini, au alisema tungoje mpaka kesho. Mwenye kuiona pumzi ya mtoto ni mama anayelala naye. Mwenye nauli ni baba. Kati ya jicho na mfuko hapo ndipo mtoto anapofia. Binti yangu aliona. Mimi nilikuwa na nauli na sikuinua macho kwenye gazeti. Wanaume wenzangu, katika nyumba yenye mtoto mchanga pawepo fedha ya nauli ya usiku, isiyoguswa kwa jambo jingine lolote, na pawepo ruhusa iliyotolewa mapema. Mama akisema "anahema", neno lake liwe ndilo la mwisho. Tumezoea kuambiana kawia ufike. Kwa mtoto anayehema, ukikawia hufiki.

Zipo dalili ambazo hazihitaji hata kuhesabu. Mtoto anayekohoa akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipatwa na degedege, akilegea au akawa mzito kuamka, kifua kikibonyea, akiguna kila anapotoa pumzi, au midomo na ulimi vikiwa na rangi ya bluu, weka chini kila kitu uende. Na mtoto aliye chini ya miezi miwili akihema haraka, hakuna cha kungoja asubuhi.

Kuhusu kinga, tumshukuru Mungu hatua zimepigwa. Chanjo ya Hib, inayozuia aina moja ya bakteria wa nimonia na wa homa ya uti wa mgongo, iliingizwa Tanzania mwaka 2009 ndani ya ile sindano ya magonjwa matano. Chanjo ya nimokoki, ambayo wengi wanaiita chanjo ya nimonia, ilianza kutolewa kwetu Januari 2013, na Kenya walitutangulia mwaka 2011. Mtoto huzipata akiwa na wiki 6, 10 na 14, bila malipo. Chanjo ya surua nayo ni kinga ya mapafu, kwani watoto wengi wanaokufa kwa surua huuawa na nimonia inayoifuata. Kifaduro ni hivyo hivyo. Hata hivyo chanjo hazizuii kila kijidudu. Mjukuu wangu alikuwa amechanjwa zote. Chanjo ni kama ukuta wa nyumba: unapunguza wezi, lakini haukuondolei wajibu wa kuamka ukisikia kishindo. Maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, chakula cha kutosha baada ya hapo, na mikono iliyonawa sabuni, vyote hivyo ni sehemu ya ukuta huo huo.

Na moshi je? Moshi wa kuni, wa mkaa na wa sigara unadhuru mapafu ya mtoto, hilo halina ubishi. Lakini naomba tusijidanganye kwamba kununua jiko moja kunamaliza mambo. Huko Malawi wataalamu waligawa majiko yenye moshi mdogo kwa nyumba nyingi na kuwafuatilia watoto zaidi ya elfu kumi. Walipotoa matokeo, nimonia haikuwa imepungua katika nyumba zenye majiko mapya. Fundisho mojawapo ni kwamba hewa haina ukuta. Wewe unapikia gesi, jirani anachoma takataka chini ya dirisha lako, mwingine ana jiko la kuni uchochoroni. Ndiyo maana mpango wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, ni lazima uwe wa mtaa mzima na si wa wenye uwezo tu.

Kabla sijamaliza nina neno kwa wenye dhamana. Haitakuwa haki kuwahimiza wazazi wakimbie hospitali kisha wakute hamna kitu. Mtoto mwenye nimonia kali hufa kwa kukosa oksijeni, hata dawa ikiwa imeanza kufanya kazi. Tuirudie Papua New Guinea. Hospitali tano za huko zilipewa mashine zinazochuja oksijeni kutoka katika hewa ya kawaida, na vile vifaa vya kubana kidoleni vinavyopima oksijeni iliyo katika damu. Matokeo yalitolewa mwaka 2008, baada ya kutazamwa watoto zaidi ya 11,000: vifo vya nimonia vilipungua kwa karibu theluthi moja. Mwaka 2020 na 2021 janga la UVIKO-19 lilitufundisha sote maana ya neno oksijeni, na baada ya hapo mitambo ya kuizalisha ilifungwa katika hospitali kadhaa za rufaa hapa nchini. Ni jambo jema. Lakini mtoto hazaliwi hospitali ya rufaa. Ugonjwa wake unaanzia zahanati na kituo cha afya. Tunaomba mashine hizo zishuke mpaka huko, na ziwe na umeme wa kuziendesha na fundi wa kuzitengeneza. Tunaomba amoksilini ya watoto isikosekane rafuni. Matibabu ya walio chini ya miaka mitano ni bure kwa sera ya serikali. Lakini mzazi akiambiwa dawa imekwisha, nenda ukanunue nje, hiyo bure inakuwa ya maandishi.

Na muuguzi mwenye foleni ya watoto 80 asubuhi moja, tunamwomba asiichoke ile dakika. Tunajua dakika 80 ni nyingi. Lakini ukimwandikia mtoto dawa bila kumpandisha shati, umefanya kazi ya muuza duka.

Ndugu zangu, jana jioni nilipita tena mbele ya nyumba ile yenye msiba. Mikeka imekwisha kukunjwa. Mama mtu alikuwa kizingitini na mtoto wake mkubwa, wa miaka mitatu. Nilimwamkua, nikataka kupita. Yeye ndiye aliyenisimamisha. Aliniuliza, "Baba, eti wewe unajua kuhesabu pumzi?" Nikasema najua kidogo. Akampandisha shati yule mtoto pale pale mlangoni, ingawa hakuwa na hata kikohozi, akaniambia, "Nifundishe."

Tulihesabu pamoja. Zilikuwa 26.

Nawaomba leo jioni, mwenye mtoto mdogo nyumbani afanye hivyo akiwa mzima, amzoee. Siku pumzi zikibadilika hutahitaji kuambiwa na mtu.